Oktoba shuleni Minnesota, mzazi anasubiriwa

Miti ya mtaani kwetu Brooklyn Park, hapa jimbo la Minnesota, Marekani, imeshageuka rangi, na begi la mtoto limeanza kuja nyumbani limejaa makaratasi. Kila Alhamisi kuna folda. Ndani utakuta tangazo la siku ya kupigwa picha, ombi la wazazi wa kusindikiza watoto kwenye shamba la matufaha, karatasi ya kuuza bisi, tarehe za vikao vya wazazi na walimu, na orodha ya nguo za baridi. Na kuna lile linalowakamata wageni kila mwaka: Alhamisi na Ijumaa ya wiki ya tatu ya Oktoba hakuna shule. Ni siku za mkutano wa chama cha walimu, watu hapa wanaziita MEA, na karibu jimbo zima linafunga shule. Watoto wamefungua shule juzijuzi tu mwanzoni mwa Septemba, wewe umeshapangiwa shifti, halafu unabaki na mtoto mkononi siku mbili.

Sisi tuliosomea Tanzania tunajua mzazi anaitwa shuleni kwa mambo mawili: mtoto kaharibu, au kuna mchango. Marehemu baba yangu hakukanyaga darasani kwangu mpaka namaliza la saba, na hakuna mtu mtaani aliyemwona mzazi mbaya. Mwalimu alikuwa na chaki na fimbo yake, mzee alikuwa na shamba lake. Mwisho wa muhula ripoti ilikuja: wa 14 kati ya 92. Akishaiona hiyo namba mzee alikuwa amemaliza, ama unanunuliwa soda ama unalala mapema.

Huku ukikaa kimya unasomeka vingine. Mwalimu akitundika ratiba ya vikao na jina lako halipo, na folda ikirudi bila sahihi, hatasema neno. Atatabasamu ukikutana naye getini. Lakini kichwani ameshaandika kwamba nyumba hii haifuatilii, na mtoto wa nyumba isiyofuatilia ni rahisi kuachwa asubiri wakati wazazi wa wengine wanapiga kelele kwa ajili ya watoto wao. Hilo ndilo ninalowaambia wageni wote wanaofika hapa, tena nawaambia Septemba, kabla ya theluji na kabla ya Krismasi. Mambo mengi ya mwaka mzima yanaamuliwa katika wiki hizi za mwanzo.

Tuanze na makaratasi madogo. Minnesota ilipitisha sheria mwaka 2023 kwamba watoto wote wa shule wapewe kifungua kinywa na chakula cha mchana bure, hata wa tajiri. Basi wazazi wengi wetu wakiona fomu ya kipato cha familia wanaitupa: ya nini tena, si chakula ni bure? Ijazeni. Fomu hiyo bado inatumika kukokotoa fedha ambazo shule inapata kusaidia wanafunzi, na mara nyingi inapunguza ada za vitu vingine kama michezo. Haiulizi uko nchini kwa karatasi gani. Inataka tarakimu nne za mwisho za namba ya Social Security, ile ya hifadhi ya jamii, za mtu mzima mmoja, na kama huna kuna kisanduku cha kuweka alama kwamba huna. Mtoto kusoma hakutegemei viza ya baba yake; Mahakama Kuu ya Marekani ilishaamua hilo tangu 1982.

Kuna na ile fomu ya lugha unayojaza unapomwandikisha mtoto: alianza kusema lugha gani, nyumbani mnaongea nini. Nimekutana na watu walioandika Kiingereza wakati nyumbani kwao hata redio ni ya Kiswahili, kisa wanaogopa mtoto atawekwa darasa la wajinga. Hakuna darasa hilo. Atapimwa Kiingereza chake, na kikionekana bado, anapata mwalimu wa ziada wa lugha; ukiona humtaki huyo mwalimu una haki ya kumkataa. Kudanganya kwenye fomu ni kumnyima mwanao msaada uliokwisha kulipiwa na kodi yako.

Nguo za baridi msizifanyie mzaha. Mapumziko ya mchana ni nje, na shule nyingi huku haziwabakizi watoto ndani mpaka baridi ikaribie sifuri ya Fahrenheit, ambayo kwa vipimo vyetu ni kama nyuzi 18 chini ya sifuri. Koti peke yake halitoshi. Wanataka suruali ya theluji, mabuti, kofia na glavu, vyote viwe na jina. Nunueni mitumba sasa hivi, ikifika Novemba saizi za watoto zimekwisha. Na kama hela haipo, mwambieni mfanyakazi wa ustawi wa jamii pale shuleni. Shule nyingi zina kabati la makoti na hawakuulizi maswali mengi.

Kuhusu michango, jamani, msidhani mmeikimbia. Nyumbani tulitangaziwa elimu bila ada tangu 2016 na bado kila kikao kinaishia kwenye madawati na mlinzi. Huku mtoto wa miaka sita anatumwa kuuza bisi kwa majirani, au wanapanga mbio za kuzunguka uwanja na wewe unatafuta wajomba wa kuchangia. Tofauti ni kwamba huku anarudi na fulana. PTA yao, yaani chama cha wazazi na walimu, ni ya siku nyingi, chama chao cha taifa kilianzishwa na akina mama Washington mwaka 1897, na wanajua kuomba. Huna hela? Toa saa moja. Saa moja ya kupanga vitabu maktabani inahesabika kuliko dola 20, kwa sababu unaonekana. Ukitaka kusindikiza watoto kwenye matembezi, shule itachunguza kwanza kama una rekodi ya uhalifu, kwa hiyo jaza fomu mapema.

Halloween, ile siku ya mwisho wa Oktoba watoto wanapovaa mavazi ya kutisha, sina mengi. Shule nyingine wameshaiacha, wanafanya sherehe ya mavuno. Kama dini yako haikuruhusu, mwandikie mwalimu mistari miwili na mtoto atapewa kazi nyingine. Nimeona Waislamu na walokole wakifanya hivyo bila ugomvi.

Sasa kikao chenyewe cha mwalimu na mzazi. Ni dakika 15, au 20 ukibahatika. Unakalishwa kwenye kiti cha mtoto, magoti yanakaribia kidevu. Mwaka jana mwalimu wa mwanangu, wakati huo yuko darasa la pili, alianza kwa kunisifia kijana: ana moyo mzuri, anawafungia wenzake zipu za makoti, anachekesha darasa. Nami nikawa nafurahi kama mzazi yeyote. Dakika zinayoyoma. Ndipo akageuza kompyuta nione grafu. Kuna mstari juu, ni pale watoto wa darasa la pili wanapotarajiwa kuwa msimu huu. Chini ya mstari kuna nukta, hiyo ni ya mwanangu. Akasema wanaendelea kumjenga katika kusoma, huku tabasamu ni lilelile la kwenye habari za zipu.

Mtu aliyezoea walimu wa kwetu hapo anatoka na kicheko. Mwalimu wa kwetu mtoto akiwa nyuma anasema, "Huyu wako hajui kusoma," na mlango wazi, na wazazi wengine kwenye foleni wanasikia. Wamarekani hawawezi. Watakusifia mtoto mpaka uone aibu, na habari mbaya itapita katikati imevaa nguo nzuri. Basi nikamuuliza: akisoma kwa dakika moja anasoma maneno mangapi sawasawa, na wenzake wanatakiwa wafikishe mangapi? Hapo ndipo tulipoanza kuzungumza. Akavuta droo, akatoa ukurasa aliosomeshwa kijana, una alama za kalamu kila alipokosea. Niliona mwenyewe. Maneno mafupi anayapita mbio. Neno likirefuka anaangalia herufi ya kwanza, halafu anatunga la kwake. Kwa zile dakika tano zilizobaki tulikubaliana nani atamfundisha nini, mara ngapi kwa wiki, na lini wanipigie simu.

Na si kwamba unaomba hisani. Sheria ya jimbo ya mwaka 2023, wanayoiita READ Act, inazitaka shule ziwapime kusoma watoto wa chekechea mpaka darasa la tatu, kuanzia wiki za mwanzo za mwaka, na mzazi aambiwe matokeo. Kwa hiyo Oktoba hayo matokeo yapo mezani kwa mwalimu. Yaombe.

Ripoti ikija nayo msiisome kwa macho ya nyumbani. Shule nyingi za msingi hapa hawatoi nafasi darasani, wanatoa namba 1 hadi 4. Mzazi anaona 3, anapiga hesabu ya asilimia 75, anamkaripia mtoto. Kumbe 3 maana yake amefika panapotakiwa. Ya kuulizia ni 2. Marafiki zangu Wakenya waliolea watoto kwenye CBC, mtaala wao wa umilisi, hawahangaiki na hili, nao wana ngazi zao nne.

"Kazi hawaniruhusu." Nasikia hili kila mwaka, na wengi wetu tunakesha kwenye nyumba za wazee au magodauni, kwa hiyo si uvivu. Lakini Minnesota ina sheria inayompa mfanyakazi hadi saa 16 ndani ya miezi 12 za kwenda kwenye vikao na shughuli za shule za mwanawe, kama haziwezi kupangwa nje ya saa za kazi. Mwajiri halazimiki kukulipa saa hizo, ila hawezi kukuadhibu kwa kuzichukua. Toa taarifa mapema. Msimamizi wangu hakuwahi kuisikia, nikamchapishia ukurasa nikamwekea mezani, akasoma, akabadilisha ratiba.

La mwisho ni ukalimani. Jirani yetu ni mama kutoka Bukavu, binti yake yuko darasa la nne. Kwenye kikao cha mwaka jana aliyetafsiri ni huyo huyo binti. Nilipomuuliza ilikuwaje akajibu, "Mwalimu alisema mutoto iko bien." Nani angesema vingine? Ukimkabidhi mtuhumiwa kazi ya ukalimani, kesi imekwisha. Barua ilipokuja katikati ya baridi kwamba binti yuko nyuma katika kusoma na hesabu, mama alidhani wamekosea jina.

Shule inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa iwasiliane na mzazi kwa lugha anayoielewa, hilo linatokana na sheria ya haki za raia ya 1964, na mkalimani halipiwi na mzazi wala hapaswi kuwa mtoto. Piga simu ofisini wiki moja kabla. Kisomali na Kihmong, lugha ya Wahmong kutoka Asia, mara nyingi wana mtu wao palepale shuleni. Kiswahili huwa ni kwa simu. Na kama wewe ni Mkongo, mwambie katibu wazi kwamba ni Kiswahili cha Kongo, maana mkalimani wa Dar na mama wa Bukavu wakikutanishwa kwenye spika, robo ya muda inaishia kwenye "unasemaje?"

Mwaka huu jirani yetu amepata mkalimani wa Goma. Binti aliachwa ukumbini na kitabu. Mwalimu akaanza na sifa kama kawaida, mama akasikiliza mpaka mwisho, akashukuru, kisha akauliza binti anakaa na mwalimu wa kusoma dakika ngapi kwa wiki na saa ngapi za siku. Mwalimu ikambidi afungue ratiba aitafute, na alipoikuta ilikuwa ni saa ileile ya somo la hesabu. Wamebaki hapo wakibishana kupitia simu kwamba isogezwe, mpaka mzazi aliyefuata akagonga mlango.