Si wagonjwa walionichosha

Jumapili moja usiku nilikuwa zamu peke yangu katika wodi ya watoto, vitanda 18, vingine vikiwa na watoto wawili wawili. Kwenye saa nane umeme ukakatika. Jenereta haikuwa na mazutu. Mashine ya oksijeni ikalia kidogo, ikanyamaza, nikakimbilia chupa ya akiba kwa ajili ya mtoto wa miezi minne. Kisha nikabana simu kwa meno ili taa yake imulike dripu ya mtoto wa kitanda cha dirishani, nikaanza kuhesabu: matone 20 kwa dakika, si zaidi. Mtoto huyo damu ilikuwa imempungukia sana. Maji yakiingia mbio, moyo wake ungeelemewa.

Nikiwa kwenye tone la kumi na mbili, mama mmoja akanivuta koti. "Muganga, uangalie mutoto wangu, anapumua mubaya." (Huku Goma kila mwenye koti jeupe ni muganga, hata sisi wauguzi.) Nikamjibu bila kugeuka: "Mama, ngoja! Si wewe peke yako hapa."

Mtoto wake alikuwa ameziba pua tu, nikamsafisha akalala. Asubuhi nilimwendea yule mama nikamwomba radhi. Akanishika mkono, akaniuliza kama nimekula. Nilifika nyumbani Katindo nikakaa kitini na viatu vyangu mpaka adhuhuri.

Kazi hii naifanya mwaka wa tisa na bado naipenda. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuelezea uchovu wa namna hii kuwa unatokana na msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa ipasavyo. Dalili walizitaja tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na kujiona huna unachofanikisha. Ile ya pili ndiyo iliyomjibu yule mama.

Kazini, basi, kuna nini? Kuna maji. Ziwa Kivu tunaliona, lakini bomba la wodi hukauka siku nzima, na usiku hubaki bidoni moja ya lita 20. Humo ninawe mikono kabla ya kumgusa kila mtoto, humo nioshe vyombo. Ifikapo alfajiri naanza kupima ni mtoto gani nimnawie na yupi nipitishe. Muuguzi hapaswi kupiga hesabu hiyo.

Na kuna faktura, bili ya matibabu. Hili ndilo linalonila zaidi. Wengi wetu hatuna matrikule, ile namba ya mtumishi wa Serikali, kwa hiyo mshahara hakuna. Tunaishi kwa primu inayotoka katika malipo ya wagonjwa. Mtoto niliyemhudumia siku tisa akapona, nikaambiwa nihakikishe mama yake hatoki kabla ya kulipa. Mama huyo anauza makaa Birere. Nilimtazama akikunja vitenge vyake na kuvikunjua tena, siku ya kumi, ya kumi na moja, huku nikijua kwamba asipolipa, mwenzangu wa zamu ya mchana atakosa kodi ya nyumba. Mazingira yanayomfanya mgonjwa aliyepona awe mdeni wako yanakugombanisha na mtu uliyekesha kwa ajili yake.

Tuliletewa mafunzo ya kukabili msongo. Waliokuja ni watu wema, na zoezi la kuvuta pumzi taratibu nalitumia hadi leo. Ila mimi nilihitaji mtu wa pili usiku. Nilihitaji mazutu. Nilimwambia hivyo mkubwa wetu wa wodi, mbele ya wenzangu wote, sauti ikinitetemeka. Hakukasirika. Alichukua ratiba ya zamu, akaikalia siku mbili.

Jumapili hii narudi zamu ya usiku. Tutakuwa wawili mpaka saa saba, baada ya hapo nitabaki peke yangu. Shemeji ameniazima taa ya kuvaa kichwani.