Vile vituo vyetu vya utafiti vilikubali kuonyeshana namba

Mimi ni koodineta kwa kituo kidogo cha utafiti wa kitabibu hapa Kisumu, cha kujitegemea, tunafanyia wafadhili tofauti tofauti majaribio ya dawa na chanjo. Kazi yenyewe sehemu kubwa ni kufuatilia: mshiriki amekuja siku yake ama hajakuja, fomu ya ridhaa aliyosaini ni toleo jipya ama la zamani, kweri za data (maswali tunayoulizwa kuhusu data tuliyoingiza) zimejibiwa lini, frizi ya sampuli ilibaki nyuzi -80 ama ilipanda usiku stima zikipotea. Mwongozo wa GCP, ule wa kimataifa wa kufanya majaribio kwa watu, tangu toleo la 2016 unataka tuone hatari mapema kabla mambo yaharibike, sawa, lakini utajuaje visiti zilizokoswa, yaani siku mshiriki alipaswa kuja kituoni na hakuja, ni nyingi kama unaona zako peke yako?

Kwa hivyo nikaanza kupigia simu wenzangu wa Siaya, Ahero na Kericho, tulijuana kwa semina, nikawaomba tuweke namba za kazi pamoja kila mwezi. Karibu wote waliogopa. Mfadhili akiona tuko nyuma si atapeleka utafiti kwingine? Na hiyo hofu ni ya haki kabisa, protokoli zenyewe, yaani mipango ya utafiti ya wafadhili, tunazigombania. Tukakubaliana hakuna jina la dawa wala la mfadhili litaandikwa, maana mikataba ya siri tumesaini, na hakuna chochote cha mshiriki, hata herufi za jina, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haichezi na habari za afya. Hesabu tu. Kamati ya maadili tukawaandikia mapema wajue.

Ngoma ikawa kwa muda wa kuanzisha utafiti. Wengine walihesabu kutoka siku kamati ya maadili imepitisha, wengine kutoka kibali cha Bodi ya Dawa na Sumu, wengine mpaka leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, itoke ndio saa ianze, sasa hapo unalinganisha nini na nini? Tulibishana sana mpaka tukaamua kila hatua iwe na tarehe yake, na hapo ndio ikaonekana kamati ya maadili tuliyokuwa tunailaumu miaka yote siyo iliyokuwa inatuchelewesha zaidi, ni bajeti na mkataba na mfadhili, karibu kila kituo.

Halafu visiti. Ahero walikuwa na chache sana zilizokoswa, nikampigia nesi wa pale, "Sister, nyinyi huko mnafanya aje?" akanitumia picha ya dayari yake kwa WhatsApp. Siku za soko zimezungushwa kwa kalamu nyekundu, wiki za kupanda mpunga zimepigwa mstari, na protokoli ikiruhusu siku 3 kabla na 3 baada, yeye anamwandikia mshiriki ile ya mwanzoni kabisa, ndio akikosa bado kuna siku za kumtafuta. Jioni ya kuamkia visiti mhudumu wa afya wa kijiji anapita nyumbani kwake kumkumbusha. Sisi tulikuwa tunaandika siku ya katikati tu kama kompyuta inavyotoa! Tukachukua hiyo mbinu, tukaongeza yetu: wavuvi wa omena hufanya kazi usiku wa giza kwa taa, mwezi ukiwa mkubwa wengi wako nyumbani, basi visiti zao sasa tunaziweka hapo kama zile siku za protokoli zinaruhusu. Wanakuja, na wanakuja wakiwa wamelala vizuri.

Kitu kimoja tumekataa kabisa ni kupanga vituo nani wa kwanza nani wa mwisho. Wakubwa wa kituo kimoja walitaka namba ziingie kwa tathmini ya wafanyakazi, tukasema hapana, mtu akiogopa kazi yake ataandika namba za kupendeza na sote tutakuwa tunajidanganya.

Nakuru wameingia juzi, wao wanataka tuongeze joto la frizi na muda jenereta inachukua kuwaka. Walio Busia, Kakamega, Bungoma, anzeni na visiti zilizokoswa, hizo tayari ziko kwa rejista yenu.