Pishi ya Mfuto

Mamangu hakuwahi kusimama mimbarini. Kazi iliyomtambulisha mtaani, kila msimu wa karafuu ulipoingia, ilikuwa kupima. Shamba lilikuwa la mzee mmoja Mwislamu, nje kidogo ya Wete, jirani yetu tangu mimi sijazaliwa, na ni yeye mwenyewe aliyemchagua. Wachumaji walirudi na mapakacha yao, kina mama na watoto wakakaa majamvini kuchambua, na mamangu ndiye aliyezipokea karafuu kabla hazijaandikwa daftarini. Alikuwa na pishi ya mbao iliyochakaa ukingoni. Aliijaza, akapitisha kijiti juu yake, kilichozidi kikarudi kwa mwenyewe. Mfuto. Hakuachia kilima kumfaidisha mwenye shamba, wala hakupunguza ujazo kumfurahisha mchumaji.

Anayeliona hilo jambo dogo hajapata kuchuma karafuu. Mkarafuu ni mti mrefu, na tawi lake hukatika bila kumwonya aliyelikanyaga. Mtu huamkia juu yake, hushuka jioni mikono imejaa utomvu, kisha huchambua mpaka usiku, na malipo yake ni pishi ngapi. Kipimo kikichezewa, imechezewa siku yake nzima.

Tena kwetu Pemba jambo hili lina mizizi. Kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo karafuu nyingi zimekuwa zikitoka Pemba. Wakati ule waliozichuma walikuwa watumwa. Amri ya kuuondoa utumwa katika sheria ilitoka 1897, na miaka hiyohiyo Wakristo wa Jumuiya ya Marafiki kutoka Uingereza, Waquaker, walianzisha shamba la mikarafuu Banani, karibu na Chake Chake, ili waliopata uhuru wafanye kazi kwa ujira. Nyanya yake mamangu alikulia kwa watu wa Banani, ingawa sisi baadaye tulisali kwa Waanglikana. Habari aliyomwachia mjukuu wake ilikuwa fupi: mama yake yeye nyanya alichuma karafuu miaka na miaka na hakuna aliyempimia hata kibaba, kwa sababu asiyelipwa hapimiwi. Mamangu aliposhika pishi alikuwa na hilo moyoni. Naamini ndiyo maana sikumwona hata siku moja akipima huku anazungumza.

Jioni ninayoikumbuka nilikuwa darasa la tano, nimeshika daftari karibu na karabai. Foleni ilikuwa ndefu. Ikafika zamu ya bibi mmoja mjane aliyekuwa akilea wajukuu. Mamangu akaingiza mkono katika rundo lake ili aanze kujaza, na mkono ukasita. Juu zilikuwa karafuu safi, zimechambuliwa vizuri. Chini yake yalikuwa makonyo, vile vijiti vinavyoshika karafuu, mengi. Makonyo nayo yana soko lake, hukamuliwa mafuta, lakini bei yake haifiki popote karibu na ya karafuu. Rundo lile lingepimwa lilivyo, lingetoa pishi nne.

Mamangu hakuinua sauti. Alisema tu, "Bi mkubwa, za kwako tuziweke kando, nitazipima mwisho." Akalivuta jamvi pembeni na kumwita mwingine. Waliokuwa nyuma hawakujua kitu. Bibi alijua. Alikaa akaangalia chini, kanga ameivuta mpaka kwenye paji la uso.

Watu walipokwisha, mamangu aliisogeza karabai, akaketi jamvini mkabala na bibi, akaanza kuchambua. Karafuu huku, makonyo kule. Baada ya kitambo bibi naye akatia mkono, nami nikatia. Mamangu akamuuliza hali ya mjukuu wake aliyekuwa na homa. Jibu lilikuwa la neno moja. Akamuuliza kama amepata dawa.

Hapo ndipo alipotokea msimamizi, mpwa wake mwenye shamba, kijana mwenye haraka ya kuonekana anafanya kazi. Alichota gao moja la makonyo, akaelewa.

"Dada, huyu ni mwizi. Aondoke, na karafuu zake zibaki hapahapa shambani, wengine wapate funzo."

"Karafuu kazichuma yeye," mamangu akasema, vidole vinaendelea. "Makonyo hatalipwa kwa bei ya karafuu. Na karafuu hatanyimwa."

Kijana alikwenda kumwita mjomba wake. Mzee alikuja ametoka kusali Isha, kanzu bado mwilini, akasikiliza pande zote mbili bila kumkatiza mtu. Kisha akamkumbusha mpwa wake sura ya Wapunjao, ile inayowapa ole wanaojipimia kwa watu wakadai kutimiziwa, na wakiwapimia watu hupunguza. "Ukichukua karafuu za mtu bila kumlipa, wewe uko upande gani wa aya hiyo?" akamuuliza. Halafu akamwambia avute kigoda naye achambue, kazi iishe watu wakalale. Mamangu akasema taratibu kwamba na Mithali inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. "Basi tumekubaliana, mwanangu," mzee akajibu, akaenda zake.

Zilipatikana pishi mbili na kibaba kimoja. Nikaandika hivyo. Bibi alipokea fedha zake akaondoka bila kuaga.

Njiani nilimuuliza mamangu kwa nini hakuandika nne tu, maana bibi alikuwa na dhiki kweli na mzee asingejua. Alinyamaza mpaka tukavuka bonde. "Hizo zilizozidi zingetoka kwa nani, mwanangu? Kwa Ami, mwenye shamba. Mimi sitoi sadaka kwa mfuko wa mtu." Nikamuuliza, basi kwa nini asimwache msimamizi amfukuze. "Na wale watoto wale nini kesho?"

Nimesikia mahubiri mengi tangu siku hiyo. Yanayosifu uaminifu mara nyingi huwa na ukali wa yule msimamizi, na yanayosifu upole huishia kusamehe kwa mali isiyokuwa ya msamehevu. Mtume Paulo, anapotaja tunda la Roho kwa Wagalatia, anauweka uaminifu na mara baada yake upole, vimefuatana. Mamangu aliikariri orodha hiyo akijiandaa kwa kipaimara, kama tulivyoikariri sote. Kwake ilishuka mpaka vidoleni, na haikushuka usiku ule. Ilishuka kwa miaka ya kupitisha kijiti juu ya pishi hata siku ambazo hakuna aliyekuwa akimwangalia. Ndiyo maana, mkono uliposita ndani ya rundo lile, hakuhitaji kutafuta la kufanya.

Bibi hakurudi shambani msimu ule. Tukasikia amesema kisimani kwamba yule Mkristo amemdhalilisha. Maneno hayo yalinichoma, kwa sababu nilikuwapo na nilijua jinsi aibu yake ilivyofichwa. Mamangu yalimuuma zaidi, nilimwona. Hakwenda kisimani kujitetea, na hakumweleza yeyote habari ya makonyo, hata shoga zake wa kanisani walipouliza. Sisi nyumbani alitukataza tusiitaje.

Alichofanya ni kumwamkia. Kila walipokutana sokoni Wete alisimama, akaweka kikapu chini, akasema, "Shikamoo, bi mkubwa." Bibi alipita. Wiki iliyofuata, shikamoo tena, kwa sauti ileile, bila kuikaza na bila kuilegeza. Mimi niliona haya kusimama pale. Mvua zikaja zikaenda. Msimu mwingine ulikuwa unakaribia ndipo siku moja, mbele ya meza ya muhogo, bibi aliposema "Marahaba," akauliza kama mzee bado anataka wachumaji, na kama yule mpimaji wake ni yuleyule.

"Ni mimi," mamangu akamwambia. "Tunaanza Jumatatu."