Wapi nakula chaza freshi nikiwa Dar (na wapi siwagusi kabisa)

Kuna mtoto wa mjomba alikuja kutoka Arusha kukaa kwangu wiki mbili, jioni moja tuko Coco Beach tunakula mihogo na pilipili akaniuliza, "Kaka, hivi hii oyster ya Oysterbay si ndo chaza?" Nikamwambia ndio. Akasema basi twende tukawale. Aisee nilikaa kimya pale, maana miaka yote niliyoishi Dar, nimeogelea hapo, nimepigia picha hapo, na sikuwa na jibu la chaza wanaliwa wapi. Eneo zima limebeba jina lake tangu enzi za Waingereza walipoligeuza uzunguni na mimi sijui hata duka la kumpeleka mgeni. Tangu siku hiyo nikaanza kutafuta, na ndo maana naandika hii, kwasababu najua siko peke yangu.

Kwanza tuongee ukweli kuhusu Oysterbay yenyewe. Chaza wapo. Nenda maji yakipwa sana, angalia yale mawe, utawaona wamejibandika kama mtu kawapaka simenti, wadogo wadogo, ganda limepinda pinda na makali yake yanakata mguu kama wembe. Ni hao hao chaza wa mawe wanaoshika mpaka kwenye mizizi ya mikoko pwani yetu yote. Watu wengi wakijua hilo wanasema ah, si nabandua tu nakula bure. Hapana, tafadhali usifanye hivyo.

Sababu yake ni Msimbazi. Ule mto unatoka huko milima ya Pugu ukiwa mto wa kawaida tu, lakini mpaka ufike daraja la Salender umeshapita Vingunguti, umepita Jangwani, umebeba maji ya vyoo, ya machinjio, ya gereji, kila kitu ambacho jiji limekitupa, na unamwaga baharini pale pale pembeni ya Oysterbay. Ukipita juu ya daraja la Tanzanite tangu lifunguliwe 2022 unaiona ile rangi ya maji upande wa ndani, huhitaji mtaalamu. Sasa chaza hatembei. Samaki maji yakiharibika anahama, chaza amekaa hapo hapo maisha yake yote anavuta maji, anachuja chakula chake, anayatoa, anavuta tena. Wale chaza wakubwa wa Marekani hali ikiwa nzuri mmoja anaweza kuchuja karibu lita 190 kwa siku, wa kwetu ni wadogo kuliko hao lakini kazi wanayofanya ni ileile. Kwahiyo kilichoko kwenye maji kinabaki ndani yake, vijidudu, madini mazito, vyote, na wewe unamla mzima na tumbo lake, humpasui ukamtoa matumbo kama changu.

Nikaenda Feri. Feri naipenda, ukitaka samaki Dar nenda Feri alfajiri usimame kwenye mnada usikie kelele, kamba wapo, ngisi wapo, pweza wapo, kaa wapo wamefungwa kamba. Chaza nimewatafuta pale mara nne. Mara moja tu nikawakuta, mama mmoja alikuwa nao kwenye mfuko wa plastiki, wameshatolewa kwenye maganda, na nilipomuuliza mama hawa wametoka wapi akaniambia "baharini". Alinijibu kwa upole kabisa wala simlaumu, yeye kauziwa na mtu mwingine, lakini chaza aliyetolewa ganda, hujui maji aliyotoka wala siku aliyovunwa, mimi siwezi kumlisha mtu wa nyumbani kwangu. Samaki utamwangalia jicho na shavu utajua kalala siku ngapi, chaza akishavuliwa ganda huna cha kuangalia.

Halafu kuna hoteli. Sitaitaja, iko upande huko wa kaskazini ya jiji, pazuri, upepo mzuri, tulienda siku ya sikukuu mimi na mke wangu. Chaza wakaletwa juu ya barafu na vipande vya ndimu, sita. Nikamuuliza weita wametoka wapi akasema atauliza jikoni, hakurudi na jibu na mimi nikala hivyo hivyo, hilo ndo kosa langu. Wawili kati yao nyama ilikuwa imekauka, imeshikana na ganda, hakuna maji ndani. Usiku saa nane tumbo likaanza, mpaka asubuhi nimeshatapika sijui mara ngapi, mke wangu ambaye alikula mmoja tu akapona, mimi nikaenda kutundikiwa dripu mbili. Daktari aliniambia kitu ambacho nakirudia kwa kila mtu: bahari ya joto kama yetu ina bakteria wake wa asili hata pasipo na uchafu wa mtu, kwahiyo mjamzito, mzee, mtoto mdogo, mwenye ugonjwa wa ini au sukari au kinga iliyoshuka, huyo asile chaza mbichi popote pale hata awe freshi vipi, ale waliopikwa.

Mbudya na Bongoyo watu wananiuliza sana. Vile ni visiwa vya hifadhi ya bahari, kubandua kitu kwenye miamba hairuhusiwi. Kule nenda ule samaki wa kuchoma na chipsi, uogelee, urudi.

Jibu langu kwahiyo liko ng'ambo. Panda boti ya asubuhi, kama masaa mawili hivi uko Unguja, shuka Malindi, tafuta daladala au gari ya kwenda rasi ya Fumba, ni kusini ya mji na si mbali, na kule kuna vijiji viwili vitatu ambavyo chaza kwao ni kazi ya akina mama tangu bibi na bibi: Fumba yenyewe, Bweleo, Nyamanzi. Wako kwenye ghuba ya Menai. Mimi nakwenda Bweleo kwasababu mama mdogo wangu ameolewa huko, lakini hata kama huna ndugu utapokelewa vizuri ukienda kwa adabu.

Mara ya kwanza nilifika saa sita mchana nikamwamkia mama mdogo, "Shikamoo mama", akaitikia halafu akacheka, akaniambia, "Marahaba mwanangu, chaza hawaji kwa saa ya boti, wanakuja kwa saa ya mwezi." Bahari ilikuwa imejaa mpaka kwenye miti. Hapo ndo nikaelewa kwanini kila nilipowatafuta nilikuwa nawakosa. Chaza wanavunwa bamvua, yaani siku chache za mwezi mchanga na siku chache za mwezi mpevu, ambapo maji yanapwa yanakwenda mbali mpaka mwamba wa chini unaonekana, tofauti ya kujaa na kupwa inafika karibu mita 4. Maji mafu, zile siku za katikati ambapo bahari haipwi mbali, hupati kitu cha maana. Kwahiyo kabla hujakata tiketi angalia mwezi, au piga simu kwa mtu wa kule muulize bamvua lini, atakujibu hapo hapo bila kuangalia kalenda.

Safari ya pili nikaenda sawasawa. Tukaingia nao baharini saa tatu asubuhi, akina mama kama nane, wamejifunga khanga, miguuni raba za zamani kwasababu ya makali, mkononi kila mmoja na kipande cha chuma na ndoo. Wanajua kila jiwe. Wadogo hawawagusi. Na kuna sehemu hatukwenda kabisa, nilipouliza nikaambiwa ile tumeiacha wazaliane, maana hivi vijiji vilikubaliana kutenga maeneo ya kutovuna baada ya kuona chaza wanapungua, na wanalindana. Pembeni kidogo kuna kamba zimefungwa na maboya, pale wanafuga chaza wa lulu, wale wakubwa wenye ganda linalong'aa ndani, wanawapandikizia kitu kidogo kwenye ganda inaota lulu nusu, halafu wanatengeneza herini na mikufu. Nimenunua herini moja ya ganda kwa ajili ya mke wangu, nzuri kuliko za madukani Mji Mkongwe, na hela inaingia mkononi kwa aliyeitengeneza.

Sasa msosi. Wenyeji wenyewe mbichi hawali sana, mama mdogo aliniangalia nilivyoomba kisu kama vile nimeomba kula mchele haujapikwa. Wanawachoma. Moto wa makumbi ya nazi, chaza anawekwa na ganda lake, ule upande wa bakuli unakaa chini ili maji yake yasimwagike, dakika chache anafungua mdomo mwenyewe, unamtoa, ndimu, pilipili mbuzi iliyopondwa na chumvi, basi. Yale maji yaliyobaki kwenye ganda ndo utamu wenyewe, ni kama supu ya bahari nzima imekusanywa kwenye kijiko kimoja, chumvi halafu utamu halafu moshi kidogo wa makumbi. Nilikula mpaka nikaacha kuhesabu.

Wale waliobaki mchana wakapikwa nazi. Wanachemshwa kidogo tu wafunguke, wanatolewa, wanaoshwa mchanga kwa uangalifu, halafu kitunguu, nyanya, bizari, tui jepesi, ndimu, na mwishoni kabisa ndo unawatumbukiza chaza na tui zito, kikichemka mara moja unaepua. Watu wa Dar tunakosea hapo, tunawapika kama maini, wanakuwa mpira. Na wali mweupe. Mama mdogo alitupakulia sinia moja tukala watu sita na hakuna aliyeongea kwa muda.

Mbichi nimekula pia, sitadanganya, watano, nikiwa nimesimama ndani ya maji na mtu anafungua mbele ya macho yangu. Kwangu hiyo ndo hali pekee ninayokubali mbichi: maji nimeyaona, ganda lilikuwa limefunga kabisa, limefunguliwa sasa hivi, nyama imejaa na inaogelea kwenye maji yake, na harufu ni ya bahari tu. Ganda likiwa wazi unaligonga, likijifunga yuko hai, lisipojifunga tupa, usisikitikie hela. Na siku mbili tatu baada ya mvua kubwa sili mbichi hata Bweleo.

Hiyo ya mvua nataka kuikazia. Utasoma mtandaoni kuwa chaza wanaliwa miezi yenye herufi R kwa Kiingereza, Septemba mpaka Aprili. Hiyo ni kanuni ya watu wa Ulaya na Marekani kaskazini, wao joto lao ni Mei mpaka Agosti. Ukiifuata huku utakula chaza mwezi Machi na Aprili katikati ya masika, mito yote imefurika inashusha uchafu baharini, na bahari yenyewe ndo ina joto kuliko wakati wowote, karibu nyuzi 30. Ni kinyume kabisa. Mimi msimu wangu ni kipupwe, Juni mpaka Septemba, mvua zimekatika, maji yamepoa kidogo, yamesafika.

Wasioenda Unguja wananiambia basi tupe sehemu hata moja Dar. Ninachofanya ni hiki: hoteli yoyote yenye chaza kwenye menyu, napiga simu kabla sijaenda, nauliza mambo mawili tu, wametoka wapi na wamefika lini. Anayejua atakutajia sehemu na siku bila kusita. Anayesema "ni freshi bosi usijali" namshukuru nakata simu. Na hata akijibu vizuri, Dar naagiza waliopikwa, mbichi nawaachia bahari ninayoiona kwa macho.

Bamvua inayokuja narudi Bweleo, safari hii na yule mtoto wa mjomba, anashuka na basi Ijumaa. Kama unataka kwenda mwenyewe, mpigie mtu wa kule siku mbili kabla muelewane bei na idadi ili akina mama wasivune zaidi ya mnachokula, vaa viatu ambavyo hutajali vikilowa, funika mabega na magoti maana unaingia kijijini kwa watu, beba ndimu zako nyingi, na boti ya kurudi kata ya jioni kabisa, kwasababu kile chungu cha nazi hakiivi kabla ya saa nane mchana.