Chupa namba 9

Mwezi Machi nilijaza chupa 22 za mvinyo wa asali, na kila moja niliiandika namba kwa kufuata mpangilio wa kuzijaza. Mke wangu alinicheka akisema kwamba hata hospitalini watoto mapacha hawaandikwi namba kwa umakini ule. Mwezi Julai, nilipozitoa stoo na kuzimulika kwa tochi, namba zile ndizo zilizoniokoa, kwa sababu niliona vitu vya namna tatu ambavyo sikuvitegemea, na si vyote vilivyokuwa katika chupa zote.

Nieleze kwanza jinsi mvinyo wenyewe ulivyotengenezwa. Nilitumia kilo 4.5 za asali ya miombo kutoka Tabora, ile ya mizinga ya magome, nikaongeza maji hadi kufikia lita 18 katika ndoo ya plastiki ya lita 20. Asali huwa na sukari takribani asilimia 80, kwa hiyo kila lita ilianza na takribani gramu 200 za sukari, kiasi ambacho hamira ikikimaliza hutoa kileo cha takribani asilimia 12. Nilihamisha mvinyo mara mbili kwa mrija ili kuyaacha mashapo yake, nikasubiri miezi minne, ndipo nikajaza. Wanaokunywa wanzuki, pombe ya kienyeji ya asali, ya siku tatu hawana haja ya habari hii, kwa kuwa wanzuki hunywewa ikiwa bado inachachuka, yenye ukungu na vipande vya nta, na hakuna anayeuliza kitu gani kinaelea. Mvinyo unaokaa miezi ndani ya kioo ni jambo jingine, maana chochote kilichoingia humo kina muda wa kutosha wa kuzaliana.

Kitu cha kwanza kilikuwa tabaka jembamba la rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, limelala kwenye kitako cha kila chupa, kuanzia namba 1 hadi 22. Chupa ikiinamishwa, tabaka hilo liliteleza polepole likiwa limeshikamana. Ikitikiswa, liliinuka kama wingu, na kesho yake lilikuwa limerudi chini. Hiyo ni hamira iliyokufa au kulala, pamoja na chavua na chembe za protini zilizotoka katika asali. Kwa kuwa lilikuwa katika chupa zote kwa kiasi kilekile, chanzo chake hakiwezi kuwa chupa wala kizibo. Lilitoka ndooni, na kosa, kama ni kosa, lilikuwa haraka yangu ya kujaza kabla mvinyo haujatulia vya kutosha. Halina madhara. Unamimina kwa utulivu, unabakiza vidole viwili vya mwisho, basi.

Nieleze pia kwamba asali ya kurinwa kwa njia ya asili, ambayo masega hukamuliwa pamoja na majana ya nyuki, huongeza protini, na protini hizo zinaweza kuleta utusitusi usiozama hata baada ya miezi. Anayetaka kujua kama utusitusi wake ni wa protini achukue sampuli ya mvinyo iliyochujwa ikawa angavu, aiweke ndani ya maji ya nyuzi 80 za Selsiasi kwa saa 2, kisha aiache ipoe. Ikigeuka kuwa na ukungu, protini bado zimo na siku ya joto kali zitajitokeza ndani ya chupa. Wanaotia matunda, kama ukwaju au embe, wana mshukiwa mwingine, nao ni pektini, kile kitu cha ndani ya matunda kinachogandisha jamu: ukichanganya sehemu moja ya mvinyo na sehemu tatu au nne za spiriti ndani ya glasi, pektini huganda na kuonekana kama nyuzinyuzi za utelezi. Glasi hiyo humwagwa, hainywewi.

Kitu cha pili kilinisumbua kwa muda wa wiki nzima. Katika chupa namba 21 na 22 kulikuwa na vipande vyeupe vikielea shingoni, vingine vimegusana na kufanya kama ganda la karatasi juu ya mvinyo. Niliamua mara moja kwamba ni nta. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki, kwa sababu nta ni nyepesi kuliko maji na asali yangu ilikuja na vipande vya masega, lakini ulikuwa uvivu wa kufikiri. Kama ni nta, kwa nini ijikusanye katika chupa mbili za mwisho tu? Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na ukiisugua kati ya vidole huacha mafuta. Nilichota kipande kwa kijiko, nikakipasha juu ya mshumaa. Hakikuyeyuka, kilisambaratika kikawa kama unga uliolowa, na kilikuwa na harufu iliyofanana kidogo na gundi ya viatu.

Hapo nikarudi kwenye namba. Chupa za 21 na 22 zilijazwa mwisho kabisa, mvinyo ukiwa unaishia, nami kwa ubahili sikutaka kuutupa uliobaki, nikaugawa katika chupa mbili ambazo hakuna iliyojaa. Kutoka kwenye mvinyo hadi kwenye kizibo kulikuwa na nafasi ya upana wa kiganja. Nafasi hiyo ilikuwa na hewa, na viumbe wanaoishi juu ya mvinyo wanataka hewa: hamira za utando, ambazo hutengeneza ganda jeupe, kavu na lenye mikunjo, na bakteria wa siki, ambao hutengeneza utando unaoteleza huku mvinyo ukianza kunuka siki. Ganda langu lilikuwa la aina ya kwanza, ingawa namba 22 ilikwisha kuanza kuchoma pua. Ukungu halisi, yaani kuvu, ungeonekana tofauti: visiwa vya mviringo vyenye manyoya, vya kijani, kijivu au vyeusi. Ningeuona huo ningemwaga bila kujadiliana na mtu, kwa sababu baadhi ya kuvu huacha sumu isiyoondoka hata ukiondoa ganda.

Sasa chupa namba 9. Nilipoizungusha taratibu mbele ya tochi, ndani yake zilipita nyuzi za kung'aa zikijikunja na kujikunjua, kama kitambaa cha hariri kinachotikiswa na upepo, kisha zikapotea chupa ilipotulia. Zilikuwa katikati ya mvinyo, hazikuzama na hazikuelea. Kwa macho lilikuwa jambo zuri sana. Nilipomimina kidogo ndani ya glasi, mvinyo haukudondoka kama mvinyo. Ulivutika, na nilipouinua kwa kijiko uliteremka kwa uzi mmoja mrefu, hasa kama mlenda unavyofuata tonge. Hapakuwa na harufu mbaya, ila ulikuwa na kitu kama siagi iliyokaa.

Shemeji yangu anafundisha biolojia katika shule ya sekondari, nikampelekea vichupa viwili vya dawa vilivyochemshwa, kimoja kikiwa na mvinyo wa namba 8 na kingine wa namba 9. Kwenye ukuzaji wa mara 400, namba 8 ilionyesha seli za hamira zenye umbo la yai, chache zikiwa na vichipukizi ubavuni, na hapa na pale chembe kubwa ya chavua yenye miiba. Namba 9 ilikuwa nazo pia, lakini katikati yake kulijaa vidoto ambavyo ilibidi tuvitafute kwa lenzi ya tone la mafuta, ukuzaji wa mara 1,000. Shemeji alikaa kimya kwa muda, kisha akaniambia, "Shemeji, hawa wako wanne wanne, kama maandazi kwenye sahani. Huu mvinyo wako umepangisha." Vidoto vya duara vilivyojipanga wawili wawili na wanne wanne ni dalili ya bakteria wa asidi ya laktiki wa jenasi ya Pediococcus, na baadhi yao hutengeneza sukari ndefu zinazofanya kinywaji kivutike. Darubini peke yake haitoshi kuthibitisha jina, lakini umbo, mvutiko na ile harufu ya siagi vilielekeza upande mmoja.

Swali lililobaki ni mlango walioingilia. Kama wangekuwa ndooni, namba 8 na namba 10 zingekuwa nao, na zote mbili zilikuwa angavu. Nikaimwaga namba 9, nikaikausha, nikaimulika ndani. Kwenye bega la chupa, pale shingo inapoanza kupanuka, kulikuwa na alama ya kijivu yenye upana wa ukucha, ngumu, ambayo brashi yangu haikuwahi kuifikia kwa sababu imenyooka. Chupa zangu zote ni za kuokoteza, nyingine kutoka hotelini, nyingine kutoka harusini, na nilizitia dawa ya klorini bila kujua kwamba dawa haipenyi uchafu uliokauka. Uchafu huondolewa kwanza, ndipo dawa ifanye kazi. Nimenunua brashi yenye shingo inayopinda.

Jirani mmoja mzee, aliyesikia habari hizi, aliniletea chupa yake ili niitazame. Mvinyo wake ulikuwa na weusi wa wino, bila utando na bila harufu yoyote. "Mwanangu, niambie ni mdudu gani," alisema. Nikamwuliza aliuchachushia wapi, akajibu kwamba ni kwenye ndoo ya bati iliyoanza kushika kutu. Hapo hakuna mdudu, mzee, nikamwambia. Mvinyo wa asali ni mchachu, asidi yake hula chuma, na chuma kikikutana na tanini, ile inayokausha kinywa katika chai ya rangi, hutoa weusi. Bati lenyewe limepakwa zinki, ambayo nayo huyeyuka humo, na zinki nyingi humtapisha mtu. Nilimsihi asiunywe. Sina hakika kama alinisikiliza, kwa sababu aliichukua chupa akaondoka nayo. Asidi hiyohiyo ndiyo inayonifanya nisiamini wanaosema kwamba mashapo meupe katika mvinyo wa asali ni chokaa ya maji ya chumvi: chokaa ya kwenye birika ingeyeyuka ndani ya mvinyo, isingekaa chini ikisubiri kuonwa.

Kwa hiyo nimebaki na chupa 18, kwa kuwa namba 8 ilifunguliwa kwa ajili ya darubini na tukaimaliza mimi na shemeji. Namba 21 na 22 nimezigeuza kuwa siki ya kachumbari. Asubuhi ya leo, hata hivyo, nimeona vipovu vidogo vikipanda katika namba 14, na kizibo chake kimejiinua kidogo. Hamira imeamka, au kuna mgeni mwingine. Gramu 4 tu za sukari katika lita zikichachuka ndani ya chupa iliyofungwa huongeza shinikizo la takribani angahewa 1, na chupa ya mvinyo wa kawaida haikutengenezwa kama ya shampeni, ambayo hutiwa takribani gramu 24 na kuhimili. Nimeiweka kwenye friji ndani ya ndoo yenye mfuniko, na jioni hii nitaifungua uani, nikiwa nimeifunga kwa taulo nene na watoto wakiwa ndani ya nyumba.