Siku moja maishani mwangu: kukagua Mto Gura kabla wageni hawajafika

Saa 10:30 alfajiri

Chai kwenye thamosi, kipimajoto, tepu ya mita 5, sahani nyeupe ya plastiki, buti, fimbo ya kutembelea. Fimbo ya kuvulia ni moja tu, nayo inaweza kubaki garini hadi jioni. Napanga safari za uvuvi wa nzi bandia kwenye mito ya Aberdare na Mlima Kenya. Kesho nina wageni wawili wenye saa nne za kuvua, kwenye kipande cha Gura ambacho sijawahi kupeleka mtu. Leo ni siku ya kukijua.

Kwa aliyezoea uvuvi wa pwani, jambo moja kwanza: huku hakuna chubwi, ule uzito wa kuzamishia ndoana. Nzi wenyewe ni manyoya na uzi vilivyofungwa juu ya ndoana, wepesi kama unyasi. Uzito wa kurushia umo ndani ya mshipi, ambao ni mnene na umevikwa plastiki. Mshipi huo hurudi nyuma mita nane au kumi ndipo uende mbele, kwa hiyo nafasi iliyo mgongoni mwa mvuvi ina thamani sawa na maji yaliyo mbele yake. Picha nzuri ya mto haikuonyeshi mgongo wa mvuvi.

Saa 11:30 alfajiri

Ramani ya karatasi ya 1:50,000 mezani, picha za setilaiti kwenye simu. Kwanza nahakikisha jina. Aberdare ina Chania mbili: moja inapita Nyeri, nyingine inashukia Thika. Mathioya nazo ni mbili, ya Kaskazini na ya Kusini. Kuna watu waliolipia nyumba ya kulala upande mmoja wa safu ya milima huku mto waliousoma uko upande wa pili.

Gura ni jina moja, lakini kwa mvuvi ni mito mitatu. Juu kabisa, ndani ya hifadhi upande wa Kiandongoro, unapita kwenye uwanda wa nyasi ndefu: maji baridi, kingo wazi, kurusha ni rahisi. Kisha unaanguka kwenye maporomoko makubwa, yale yanayotazamana na maporomoko ya Karuru, na kuingia msitu mzito wenye mteremko mkali. Chini ya msitu yanaanza majani chai na mashamba. Samaki walio juu ya maporomoko na walio chini hawakutani, na ushauri wa aliyevua juu hauna kazi kwa anayekwenda chini. Mtu akikwambia "Gura kuna samaki," muulize ni Gura ipi.

Kipande chetu kiko chini, pale msitu unapokaribia kwisha. Nahesabu mistari ya mwinuko inayokatiza mto. Kwenye ramani hii sentimita 2 ni kilomita moja, na kila mstari ni mita 20. Mistari minne ndani ya sentimita 2 maana yake mto unashuka mita 80 kwa kilomita: mawe makubwa, povu, na mvuvi anayepanda kama mbuzi. Natafuta mahali penye mstari mmoja, au mmoja na nusu. Hapo maji hutulia kati ya mteremko na mteremko, na trauti, samaki wa maji baridi tunayemvua huku, hupata mahali pa kusimama bila kuchoka.

Halafu urefu. Wavuvi wawili wanaopokezana kidimbwi kwa kidimbwi humaliza mita 300 hadi 500 kwa saa. Saa nne zinadai kilomita moja na nusu ya mto, na njia ya kutokea kila baada ya nusu kilomita. Usipoiona njia ya kutokea kwenye ramani, usidhani utaikuta ukifika.

Saa 1:30 asubuhi

Ofisi kabla ya mto. Uvuvi una leseni yake kutoka idara ya uvuvi. Kuingia msitu wa serikali ni ruhusa ya KFS, shirika la misitu, na kuingia hifadhi ni ya KWS, shirika la wanyamapori. Ukipita shambani kwa mtu, ruhusa ni ya mwenye shamba. Leseni ya kwanza haikufungulii milango mingine, na hapo ndipo safari nyingi hukwama getini mgeni akiwa ameshavaa buti. Idadi ya samaki wa kuchukua na urefu wa chini vimeandikwa kwenye leseni. Nasoma pale pale dirishani, sikisii.

Maswali yangu kwa askari wa msitu huwa yale yale.

"Habari ya asubuhi, afande. Ndovu wako upande gani wiki hii?"

"Wako juu. Lakini nyati wako hapo chini, wanakunywa maji jioni."

"Kuanzia saa ngapi?"

"Saa kumi na moja ukiwa bado mtoni, mtaonana."

Basi kesho tutatoka majini saa kumi kamili, na afande atakuwa nasi. Kelele za mto huficha hatua za nyati na hatua zako pia, kwa hiyo mnakutana ghafla, wote mmeshtuka. Mvuvi anatazama maji. Lazima awepo mtu mwingine wa kutazama kichaka.

Nauliza pia kama vifaranga vya samaki vimewekwa mtoni karibuni. Trauti si wa asili hapa. Wale wa kahawia waliletwa kutoka Loch Leven, Scotland, mwaka 1905 kwa juhudi za Ewart Grogan, na Gura ndio mto waliotiwa. Mpaka leo kituo cha Kiganjo karibu na Nyeri hulea vifaranga. Vikimwagwa darajani, vingi hubaki karibu na daraja miezi ya mwanzo, na wageni watavua samaki wa urefu wa kidole siku nzima wakidhani mto wote uko hivyo. Tutaanza mbali na daraja.

Saa 3:00 asubuhi

Mtoni. Rangi kwanza. Naingia hadi magotini na kutazama miguu yangu. Nikiona kamba za buti, maji ni safi: uzi mwembamba, nzi wadogo, kutembea kwa kuinama. Nikiona goti lakini buti zimepotea, samaki bado watakula, ila wanataka kitu kikubwa na cheusi karibu na ukingo. Goti lenyewe likipotea, hakuna uvuvi wa nzi siku hiyo hata ukiwa na fimbo ya dhahabu. Leo naona kamba.

Kipimajoto kinakaa kivulini, kina cha mkono hadi kiwiko, dakika nzima. Nyuzi 10. Trauti wa kahawia hula vizuri kati ya 10 na 16. Chini ya hapo huwa mzito. Yakifika 20 tunaacha kabisa, kwa sababu maji ya joto hubeba oksijeni kidogo, na samaki aliyepigana kwenye maji hayo anaweza kufa hata ukimrudisha mtoni kwa upole.

Hii ndiyo sababu siamshi wageni saa kumi usiku. Imani kwamba mvuvi lazima awahi alfajiri imetoka kwenye nchi za majira ya joto, ambako mchana maji huchemka. Huku mlimani jua huchomoza karibu saa 12:30, na maji hukaa baridi hadi miale iguse mawe. Wadudu huanza kuruka saa tatu au nne. Mgeni aliyesimama majini gizani anapata mafua tu.

Saa 4:00 hadi saa 7:00 mchana

Saa hizi tatu ndizo kazi yenyewe, na natembea kutoka chini kwenda juu. Trauti husimama akielekeza kichwa mkondo unakotoka, akisubiri chakula kiletwe. Ukimjia kutoka chini uko nyuma yake. Nikishuka na mto kwa ukaguzi, naona samaki wakikimbia na sijui walikuwa wamesimama wapi.

Kila kidimbwi nakiandikia mambo manne: nafasi ya nyuma, mahali pa kusimama, kina, na mahali pa kutokea. Hapa mti umeinama mgongoni, hivyo ni kurusha kwa kuviringisha mshipi juu ya maji bila kuupeleka nyuma. Pale ukingo uko wazi upande wa kushoto, anafaa mgeni anayetumia mkono wa kulia.

Kuhusu kuingia majini natumia hesabu, kwa sababu macho hudanganya. Nadondosha kijiti na kuhesabu sekunde za kupita mita 10. Leo ni sekunde 8, yaani mita 1.25 kwa sekunde. Kina ni mita 0.6. Nazidisha: 0.75. Watu wanaopima mito kwa kazi hawaingii ikizidi karibu 0.9. Kwa mgeni ambaye hajawahi kukanyaga mawe ya volkano yenye utelezi wa kijani, mpaka wangu ni 0.6. Kwa hiyo kivuko hiki nakifuta kwenye mpango, ingawa kidimbwi cha ng'ambo kinatamanisha.

Sasa mawe. Nainua jiwe la ukubwa wa tofali kutoka maji yanayokimbia, nalisuuza juu ya sahani nyeupe yenye maji, na kungoja. Wanaotambaa wakiwa na mikia mitatu na vinyweleo vinavyopepea kando ya tumbo ni watoto wa wadudu wanaoruka juu ya maji kwa maisha mafupi. Wenye mikia miwili, wakubwa, wenye kucha imara, wanaishi penye maji safi yenye oksijeni tele; kuwaona ni habari njema. Wapo wanaojijengea vijumba vya mchanga na vijiti. Mawe matano, sehemu tatu tofauti. Leo wa mikia mitatu ndio wengi, weusi, milimita 6 hadi 8 bila mikia. Hiyo ni ndoana ndogo, namba 14 na 16, na sihitaji kubahatisha sanduku zima.

Usiishie kwenye wadudu wadogo. Nimekuta ganda la kaa wa mtoni limevunjika juu ya jiwe, na trauti mkubwa hapuuzi kaa mdogo. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi huangukia maji kwa maelfu, na samaki husahau kila kitu kingine kwa jioni mbili au tatu. Ukifika wakati huo bila nzi wa rangi ya kumbikumbi, utalia.

Saa 8:00 mchana

Wingu limekaa juu ya safu. Nakula mkate na yai nikiwa nimesimama. Mvua ikinyesha juu, huku chini jua linaweza kuwa linawaka. Dalili ni tatu: majani na vijiti vinaanza kupita kwa wingi, maji yanabadilika rangi ukingoni, na sauti ya mto inakuwa nzito. Ukiona moja, toka kwanza, jadili baadaye. Wageni nitawaambia hili kabla hawajafungua fimbo, na nitawaonyesha njia ya kupandia kwa kidole.

Saa 9:30 alasiri

Kwa mzee mwenye shamba la majani chai linalopakana na mto. Salamu haziharakishwi. Namuuliza mto hukaa siku ngapi na tope baada ya mvua, na wapi watu hufungulia mifereji ya kumwagilia. Mvua kubwa moja, siku mbili, anasema; na kiangazi cha Januari na Februari maji ya chini hupungua sana kwa sababu ya mifereji. Jibu hilo halimo kwenye ramani yoyote. Naomba njia ya kupita kesho, tunakubaliana malipo, na geti litafungwa nyuma yetu kila tunapopita kwa ajili ya ng'ombe.

Saa 1:00 usiku

Kufunga. Fimbo namba 4 (namba ya uzito wa mshipi), futi 7 na nusu, kwa ajili ya kichaka. Na fimbo ya akiba, maana fimbo nyingi huvunjwa na mlango wa gari kuliko na samaki. Uzi wa mbele unaokonda futi 7 na nusu, ncha ya 5X, yaani kama milimita 0.15. Kanuni ya haraka: gawa namba ya ndoana kwa tatu, upate namba ya X. Ndoana 14 au 16, basi 5X. Uzi mnene humfanya nzi mdogo aburutwe. Mwembamba mno hujisokota na kukatika.

Nafunga nzi wa kuelea juu, na wa kuzama nyuma yake kwa sentimita 50. Kwenye kisanduku cha pili wamo nzi waitwao Kenya Bug, weusi, na Mrs Simpson, kwa siku ya maji yenye rangi ya chai. Kila fundo nalilowesha kwa mate kabla ya kulikaza, kwani nailoni kavu huungua kwa msuguano na kukatikia pale pale samaki akivuta. Nailoni iliyoachwa kwenye dashibodi wiki nzima naitupa. Meno ya ndoana nayabana kwa koleo: hutoka kirahisi kwa samaki, na kirahisi zaidi kwenye sikio la mgeni.

Buti za leo zimesuguliwa na zinakauka kando ya jiko, ili nisibebe uchafu wa mto mmoja kwenda mwingine.

Saa 3:00 usiku

Ujumbe kwa wageni: kuondoka saa 2:00 asubuhi, majini saa 3:30, saa nne za kuvua na zilizobaki za kutembea na kupumzika, kutoka saa 10:00 jioni. Nguo za kahawia au kijani, miwani ya jua, kofia. Na mpango wa pili, maana mpango wenye sehemu moja tu ni kamari: Gura ya chini ikichafuka, tunapanda Kiandongoro, juu ya mashamba, ambako maji husafika mapema. Viingilio vya hifadhi nimeshavielezea ili bei isiwashtue getini.

Kabla ya kutoka mtoni nilichomeka kijiti ukingoni, mahali maji yanapogusa, na kukikata alama. Afande anaishi karibu. Saa 12:15 asubuhi atanitumia picha yake. Maji yakiwa chini ya alama au juu kwa upana wa vidole viwili, tunakwenda Gura ya chini. Yakizidi hapo, gari linageuza Kiandongoro. Sasa hivi kuna manyunyu juu ya mabati.