Umerudi Kusini kutafuta maana ya maisha? Anza na korosho ya jirani

Sisi tuliokuwa tukilala Ndundu kusubiri kivuko cha Mto Rufiji, leo basi linapita Daraja la Mkapa watu wamesinzia. Lami sina ugomvi nayo. Kilichonivuruga kiko Tandahimba, huko Mtwara: mwezi wa nane korosho bado ua, na imeshauzwa. Kangomba.

Mnaijua. Mzee ana mgonjwa ndani, mwenye hela anampa bei ya kutupa, msimu ukifika anakuja kuzoa magunia. Zamani mnunuzi alikuwa mchuuzi wa kupita. Siku hizi ni mtoto wa nyumbani karudi na akiba yake ya Dar, na jioni barazani ndiye huyo huyo analalamika eti maisha hayana maana!

Basi kazi hii hapa. Ukitaka kumkopesha mzee, mkopeshe salfa, dawa ya unga ya kupuliza mikorosho. Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, ukiunguza ua, hapo hakuna korosho tena. Mti mmoja unataka gramu 250 kwa mzunguko, mizunguko mitano, kila baada ya wiki mbili. Mikorosho 50 ni kilo 62 na nusu, yaani mifuko miwili na nusu ya kilo 25. Pulizeni alfajiri, umande upo na upepo umelala. Jua likishapanda, unga wote unaishia kwa jirani. Mashine ni nzito, kwa hiyo ibebe wewe.

Kabla ya kununua salfa, uliza kama jina la mzee limo kwenye usajili wa wakulima. Salfa ya ruzuku hutolewa kwa waliosajiliwa, na wajane wengi shamba bado liko kwa jina la marehemu.

Mavuno yakianza, korosho ianikwe siku mbili tatu, mbovu zitengwe. Mbichi ikichanganyika, mzigo wote unashuka daraja. Ukishapimwa chama cha msingi cha ushirika, chukueni stakabadhi, mkague uzito palepale. Kisha benki: akaunti iliyolala, au herufi moja kupishana na kitambulisho, na malipo ya mnada wa korosho yanakwama. Kangomba huingia hapo hapo, kwenye kusubiri. Mpelekeni benki mwezi wa saba, foleni ikiwa fupi.

Na usimuulize “nikusaidie nini, babu?” Atakwambia tuko salama. Muulize jina lake limeandikwaje kwenye daftari la chama, halafu mwende mkaliangalie wote wawili. Simu ya kupiga picha iache nyumbani.